Ndege Ikipita Juu ya Keja Yako Kibera, Nani Hasa Ndiye Kapteni Huko Juu?

Kama unaishi Laini Saba ama Silanga, hii sauti unaijua. Saa mbili asubuhi, chai haijachemka, kandege kadogo kanapita juu kakinguruma kama posho mill ya mtaa. Kamebeba watu wawili, pengine watatu. Kametoka Wilson, hapo tu ng'ambo ya Lang'ata Road, na kesho katapita tena kakiwa na watu wengine kabisa, kwa sababu ndege nyingi za aina hiyo ni za kukodi kwa saa, za shule, ama za wasee kadhaa waliochanga doo wakanunua moja.

Sasa swali. Kati ya hao wawili waliokaa mbele, mkubwa ni nani? Uliza maboyz wa base watakuambia, "Si ni yule ameshika steering." Hapo ndio wengi wanapotea. Kwa ndege, mtu anayeshika usukani na mtu anayebeba msalaba wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na ikitokea ngori, hiyo tofauti ndio inaamua nani atapoteza leseni na nani atasimama kortini.

Wewe wa Kawangware utaishika hii haraka, kwa sababu mambo ya mat unayajua. Mwenye gari yuko kwake, pengine hata stage ya 46 hajawahi kukanyaga. Amempa dere gari. Dere akichoka ama akienda kula, anaita msee wa squad ampigie trip mbili. Trip ya pili, msee wa squad anagonga boda. Basi utaona maajabu: mwenye gari anasema huyo kijana simjui, dere anasema mimi sikuwa kwa gari, na msee wa squad ashapotelea Gatina. Asubuhi gari ilikuwa na wenyewe watatu, jioni haina hata mmoja.

Sheria ya anga iliandikwa ili huo mchezo usichezwe. Lazima kuwe na mtu mmoja, na ajulikane kabla injini iwashwe.

Huyo mmoja ni nani?

ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lina kanuni ambazo Kenya imeziingiza kwa sheria zake, na KCAA ndio wanaozisimamia hapa. Nikiiweka kwa lugha yetu, rubani mkuu ni yule ameteuliwa na kampuni inayoendesha ndege. Kama ni ndege ya mtu binafsi, ni yule ameteuliwa na mwenye ndege. Ndiye amekabidhiwa usalama wa safari nzima. Halafu kuna maneno machache hapo ambayo ningependa uyasome mara mbili: anawajibika awe ameshika usukani ama hajaushika. Na akiwa kwenye hiyo kazi, neno lake kuhusu hiyo ndege ndio la mwisho. Hata kanuni za anga zenyewe anaweza kuziacha kando kama kuna hatari na hakuna njia nyingine ya kuokoa watu.

Cheki hapo kanuni haijataja kiti. Watu wengi, hata walioabiri ndege mara mia, wanaamini kapteni ni wa kiti cha kushoto. Ni mazoea tu. Mwanafunzi wa urubani kwa Cessna anakaa kushoto, mwalimu kulia, na mkubwa ni mwalimu. Kwa helikopta nyingi rubani mkuu anakaa kulia. Kanuni haijataja umri pia, haijataja nani amelipia mafuta, wala nani ana masaa mengi angani.

Jina linaenda kwa karatasi. Fomu ya mpango wa safari inayopelekwa kwa waongozaji wa ndege ina sehemu ya 19, na ndani yake kuna nafasi ya kuandika jina la rubani mkuu. Jina moja. Hakuna nafasi ya "mimi na beshte yangu."

Mwalimu na mwanafunzi, kutoka Ngong Road ya 1928

Hii shida sio mpya, na haikuanzia mbali na kwako. Ile Ngong Road inayopita kati ya Kibera na Kawangware ilikuwa na uwanja wa ndege wake kabla Wilson ijulikane. Machi 1928, Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege Kenya, alikuwa anafundisha kijana anaitwa Dudley Cowie kwa kandege ka aina ya Moth. Ndege ikaanguka hapo uwanjani, wote wawili wakafa. Mwaka uliofuata, 1929, Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways, na 1962 uwanja wa Nairobi West ukapewa jina lake. Ndio hiyo Wilson unayoiona ukipita Lang'ata Road.

Karibu miaka 96 baadaye, tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya shule ya urubani ya Ninety-Nines ikagongana na Dash 8 ya Safarilink juu ya Nairobi National Park. Dash 8 ilikuwa imetoka Wilson ikielekea Diani na watu 44, ikafaulu kurudi na kutua salama. Ndani ya Cessna kulikuwa na watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna aliyepona.

Sitaki kuingia kwa nani alikosea, na hata wachunguzi wa ajali za ndege kwa kanuni za ICAO kazi yao sio kutafuta wa kulaumiwa. Kazi yao ni kujua kilichotokea ili kisitokee tena. Mambo ya lawama yanaenda kortini. Lakini hizo ajali mbili zinaonyesha ile picha ya kwanza ya ndege inayotumiwa na watu wawili: mmoja anajifunza, mwingine anamwangalia, na usukani uko mbele ya kila mmoja. Mwanafunzi anaweza kuwa ndiye amezungusha, amevuta, amekanyaga. Mbele ya sheria, safari ni ya mwalimu.

Wamarekani walishalipitia hili mapema. Bodi yao ya NTSB (usichanganye na NTSA yetu ya mambo ya mat) iliamua kwenye kesi moja ya 1977 kwamba mwalimu wa urubani aliye kwa safari ya mafunzo anahesabiwa rubani mkuu siku zote, haijalishi nani ameshika usukani wala mwanafunzi ni mkali kiasi gani. Ukiingia kama mwalimu, umeingia na jukumu lako. Huwezi kuliacha pale getini.

Kuna safari moja tu ambapo mwanafunzi ni mkubwa: akiwa peke yake. Siku mwalimu anaposhuka, anafunga mlango na kusema enda, huyo kijana ambaye hata leseni kamili hajapata anakuwa rubani mkuu. Kwa kipimo cha ICAO, leseni ya rubani binafsi inataka masaa 40 angani, au 35 kwa shule iliyoidhinishwa, na angalau masaa 10 kati ya hayo uwe peke yako. Umri ni miaka 17 kwenda juu. Ule upweke haukuwekwa hapo kukutisha. Umewekwa ili mara moja maishani usiwe na mtu wa kumwangalia usoni.

Wewe na beshte yako mkikodi

Sasa tuseme umemaliza. Una leseni, beshte yako ana leseni, mmechanga pesa na mmekodi Cessna 172 Jumamosi muende Maasai Mara. Yeye atarusha kwenda, wewe kurudi. Nani ni kapteni?

Jibu fupi ni kwamba kama hamjakubaliana kabla ya kuondoka, mko kwa shida. Safari ya kwenda ni moja na ya kurudi ni nyingine, kila moja inataka jina lake. Na ndani ya safari moja mnaweza kupokezana usukani mpaka mchoke, mkubwa ni yuleyule. Kwenye vitabu vya kuandika masaa, nyinyi wawili hamwezi kujiandikia saa lile lile kuwa kila mmoja alikuwa rubani mkuu. Vijana wanaokimbiza masaa ya leseni ya biashara (ICAO wanataka 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa) hujaribiwa sana na huu ujanja, na ni vile tu masaa ni ghali.

Pia mwenye ndege lazima akubali. Amekodisha kwa nani? Kama jina kwa mkataba ni lako na bima inakutambua wewe, basi kumwachia beshte safari bila kumwambia mwenyewe ni squad, mazee. Ni squad ya angani. Ndiyo maana wenye ndege wakali hawakupi funguo siku ya kwanza hata uwe na leseni ya dhahabu. Wanakupeleka kwanza na mwalimu wao, anakutazama ukipaa na kutua mara kadhaa, ndipo jina lako linaingia kwa orodha.

Halafu kuna mpaka kati ya kazi ya mwenye ndege na kazi yako. Mwenyewe anatakiwa awe na cheti cha kuonyesha ndege inafaa kuruka, matengenezo yawe yamefanywa kwa wakati, bima iwe hai. Lakini wewe rubani mkuu ndiye unatakiwa kuangalia hayo yote kabla ya kuondoka. Huwezi kusema "niliambiwa iko fiti." Unafungua kitabu cha hitilafu usome msee wa jana aliandika nini. Unazunguka ndege. Unachungulia mafuta ndani ya tangi kwa macho yako kwa sababu geji za ndege kuukuu ni waongo. Ukiruka mchana kwa kutumia macho, kanuni inataka ubaki na mafuta ya dakika 30 juu ya yale yatakayokufikisha.

Uzito ndio mahali mtu wa mat anapata mshtuko. Usiku kwa 46, konda anaweza kukuambia "songa kidogo, bado mmoja," na mnafika, mmebanana lakini mmefika. Cessna 172M ina viti vinne, na uzito wake wote wa kupaa haufai kupita kilo 1,043. Toa uzito wa ndege yenyewe, toa mafuta tangi zikiwa zimejaa, kisha weka watu wazima wanne na mabegi ya wikendi: unaweza kuwa umeshapitisha. Na Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Jua likiwaka saa nane mchana hewa inakuwa nyepesi, bawa linashika kidogo, injini inapumua kwa shida, na ile barabara ya kurukia iliyokuwa ndefu asubuhi inakuwa fupi. Sasa ni nani atamwambia binamu yako aliyevaa na kupiga luku kwamba abaki? Ni rubani mkuu. Hata kama binamu ndiye amelipa. Hata kama mwenye ndege amepiga simu akisema "lakini mbona jana iliruka na wanne?" Mwenye ndege anaweza kukunyima ndege yake. Hawezi kukulazimisha kupaa.

Kuhusu kulipa, jichunge hapo. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kurusha ndege kwa malipo. Ukianza kubeba watu wa Kawangware kwenda Diani kwa nauli, wewe sio msee anayeshare gharama tena, wewe ni mat bila sticker, na karao wa angani hawana bei ya chai ya stage.

Mkubwa zaidi yako akiwa abiria

Kuna hali nyingine ngumu, na hii iko hata kejani na kazini. Umekodi ndege, wewe ndiye rubani mkuu, umebeba mzee mmoja aliyerusha majeti miaka 30. Mawingu yanashuka kule Ngong Hills. Wewe unataka kurudi. Mzee anasema, "Kijana, pita tu, nimepita hapo mara elfu." Kwetu mkubwa akisema, mdogo anainama. Lakini huyo mzee ni abiria. Mkiishia kwa mlima, ripoti itaandika jina lako. Heshima inakutaka umjibu vizuri: "Asante mzee, leo tunarudi." Kisha unageuza.

Kama unataka yeye achukue, mnasema wazi na mnasema kwa sauti. Marubani wana utaratibu wa maneno matatu: mmoja anasema shika wewe, wa pili anasema nimeshika, wa kwanza anarudia umeshika, huku anatazama mikono ya mwenzake. Inasikika kama mchezo wa watoto. Imewekwa kwa sababu ya sekunde zile ambazo kila mmoja anadhani mwingine ndiye ameshika.

Na hapa kuna hadithi ambayo Wakenya waliipata kwa uchungu. KQ 507 haikuwa ndege ya kukodi, ilikuwa Boeing 737-800 mpya ya miezi kama sita. Iliondoka Douala, Cameroon, usiku wa manane tarehe 5 Mei 2007 na watu 114. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Baada ya kupaa kapteni alitamka neno la kuwasha otopailoti. Msaidizi hakujibu, na otopailoti haikuwaka. Nje ni giza totoro, hakuna taa ya kukuonyesha chini ni wapi. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole sana, na kwa karibu dakika nzima hakuna mtu wala mashine iliyokuwa inairusha. King'ora kilipolia kapteni alishtuka, akazungusha usukani kinyume na inavyotakiwa, na wote 114 wakafa kwa kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani. Ripoti ya Cameroon iliyotoka 2010 ilitaja rubani kupoteza mwelekeo gizani, wafanyakazi kutoshirikiana, na mkanganyiko kuhusu otopailoti. Rubani mkuu alikuwepo na jina lake lilikuwa kwa karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "nimeshika," na mwingine wa kumwambia "hapana, hujashika."

Ikikuangukia wewe wa chini je?

Wewe hukukodi kitu. Uko zako Silanga unaanika nguo. Nani analipa kandege kakishukia mabati yako?

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimetoka, walijibu hivi kwa sheria yao ya anga ya 1982: ndege ikiangusha kitu ama ikianguka na kuharibu mali ya mtu wa chini, mwenye ndege analipa, na huna haja ya kuthibitisha kwamba kuna aliyezembea. Ila kama ameikodisha kwa zaidi ya siku 14 na hakuna rubani ama mfanyakazi wake ndani, basi aliyekodi ndiye anachukuliwa kama mwenyewe. Ona hiyo hesabu ya siku. Ukikodi saa tatu za Jumamosi, mzigo wa watu wa chini bado unamrudia mwenye ndege. Ndiyo maana anakusumbua na masharti.

Kwa magari hapa kwetu kanuni inafanana kidogo. Kwenye kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya 1969, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema gari likisababisha madhara kwa uzembe, itachukuliwa kwamba aliyeendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka mwenye gari alete ushahidi tofauti. Majaji wa Kenya bado wanaitaja hadi leo. Kwa hivyo yule sonko anayesema "huyo wa squad simjui" hajajitoa kwa kusema tu. Ni yeye atatafuta ushahidi. Na yule wa squad hajasamehewa pia, makosa yake mwenyewe yanamfuata hata kama gari ni ya mtu.

Kwa hivyo ukigongwa hapo Congo ama Kenyatta Market, usikimbizane na dere peke yake. Piga picha namba ya gari, sticker ya bima, na jina la sacco lililoandikwa ubavuni. Dere wa squad anaweza kubadilika mara tatu kwa siku. Namba ya gari ni ile ile kutoka asubuhi.